Ufunguo Mmoja, Studio Mbili

Mzee Selestini alipofungua studio yake pale Nachingwea, programu ya kusafishia picha alipewa na rafiki yake, ya kunakili. Ikagoma katikati ya harusi ya watu, bibi harusi akabaki na shavu moja jeupe na moja jeusi. Ndugu zake walivyokuja juu, mzee akaapa kwamba hatatumia tena kitu cha wizi. "Rahisi ghali," akasema, akapanda basi kwenda Dar es Salaam kutafuta leseni halali.

Leseni yenyewe ilikuwa kidude cha plastiki cha kijani, ukubwa wa kidole gumba, cha kuchomeka nyuma ya kompyuta. Programu unaiweka kwenye kompyuta zote unazotaka, lakini inafunguka kwenye ile tu iliyochomekwa kidude. Sisi tulikiita ufunguo.

Hiyo ilikuwa mwaka 2004. Tulikuwa na kompyuta mbili, benchi moja, na mafundi wawili, mimi na Lukman. Lukman alitokea Kigoma, alikuja huku na kaka yake aliyepangiwa kufundisha. Alikuwa na tabia ya kukaa katikati ya benchi utadhani amelirithi. Kila asubuhi ilinibidi nimwambie, "Sogea, bwana, benchi si lako peke yako!" Anasogea huku anacheka, kesho tunarudi palepale.

Kwa kuwa ufunguo ulikuwa mmoja, tulifanya kazi kwa zamu. Mmoja anasafisha picha, mwingine anatazama. Nawaambia wasichana wote, kumtazama mwanaume anayeipenda kazi yake ni hatari. Mimi nilitazama miaka miwili.

Kazi iliyotuletea wateja ilikuwa kuunganisha picha. Mume yuko Mtwara, mke yuko Ruponda, wanataka picha ya ukutani wamesimama pamoja. Lukman alikuwa fundi wa vivuli. "Kivuli cha mume na cha mke viangukie upande mmoja, Zuleha," alikuwa akinifundisha. "Vikipishana, watu watajua hawa hawakusimama pamoja." Tulisimamisha pamoja nusu ya wilaya.

Halafu mzee akafungua tawi Ruangwa, akampeleka Lukman na kompyuta moja. Siku ya kuondoka Lukman alizungukazunguka mle studio, akafuta vumbi mahali pasipo na vumbi, akaniambia nitunze skana. Na mimi, ambaye kwa mdomo nilikuwa nafukuza wateja wakorofi mpaka barabarani, nikasema, "Haya, safari njema."

Leseni ya pili mzee alikataa kununua. Ufunguo ukawa unasafiri. Mwanzo wa wiki unakaa kwangu Nachingwea, mwisho wa wiki unakwenda Ruangwa, mchukuzi akiwa Anselmo, kondakta wa basi. Niliufunga katika kipande cha kanga yangu kuukuu, fundo kama lile la kufungia hela kwenye pindo. Lukman aliurudisha katika kitambaa kilekile. Yeye alikaza fundo kama anafunga mbuzi, na mimi nilikuwa nalifungua polepole. Wateja walikuwa wanangoja, wangoje tu. Vidole vyake ndivyo vilivyokuwa vimepita pale.

Msimu wa korosho nilimwekea korosho za kukaanga. Yeye akaniwekea karanga, siku nyingine pipi za tangawizi. Simu tulikuwa nazo, lakini mzee alikuwa anasikiliza, na hata asiposikiliza mazungumzo yetu yalikuwa yaleyale.

"Ufunguo umefika?"

"Umefika."

"Haya."

"Haya."

Nikikata simu najilaumu mpaka jioni.

Anselmo naye alikuwa na lake. Mzigo wangu hakuuweka mfukoni wala hakuuchanganya na vifurushi vya watu. Aliutundika kwenye msumari juu ya kioo cha mbele, peke yake, na aliushika kwa ncha za vidole. Siku moja nikamwuliza kulikoni. Akainama, akaninong'oneza.

"Dada, mimi nina watoto. Dawa ya watu siwezi kuitia mfukoni."

Kumbe alidhani ni hirizi! Binti anampelekea kijana kitu kidogo kimefungwa kwenye kanga, kijana anakirudisha, kila wiki, hawaachi. Nilicheka mpaka machozi. Sikumsahihisha, kwa sababu kwa hofu ile mzigo wetu usingepotea hata siku moja. Na kweli haukupotea, hata masika barabara ilipokatika na abiria wakavuka mto kwa miguu. Anselmo aliuvusha ameunyanyua juu ya kichwa.

Mwaka 2008 mzee alirudi kutoka Dar na programu mpya. Hii haikuwa na kidude. Kila kompyuta ilikuwa na leseni yake ya namba, unaiandika mara moja, basi. Alianzia Ruangwa, akaiweka mwenyewe, kisha akaja kwetu anachekelea.

"Sasa kila mtu na lake," akasema. "Hakuna tena kusumbuana na mabasi."

Nikaandika namba, programu ikafunguka bila shida yoyote. Nikamshukuru mzee. Halafu nikaenda chooni nikalia, maana ufunguo ulikuwa umebaki Ruangwa, na hapakuwa na sababu yoyote duniani ya kuurudisha.

Wiki ile nilikwenda stendi kwa mazoea. Anselmo akanifungulia viganja vitupu. Wiki iliyofuata vilevile, na msumari ulikuwa mtupu.

"Dada, ile dawa yenu imeisha nguvu, nini?"

"Haikuwa dawa!" nikamkaripia.

"Basi ilikuwa nini?"

Nikageuka nikaondoka.

Baada ya hapo alikuja Bi Hajira kutoka Kiegei, mama wa makamo, ana picha yake na ya mwanawe aliyekuwa anafanya kazi Songea. Alitaka wasimame pamoja. Nikawasimamisha kwa ufundi wangu wote, vivuli upande mmoja, mkono wa kijana begani kwa mama. Aliitazama picha muda mrefu.

"Umefanya vizuri, mwanangu," akasema. "Ila huyu hajaja."

Akaikunja kwenye kanga yake akaenda. Mimi nikazima kompyuta, nikamwambia mzee nakwenda Ruangwa.

"Kufanya nini? Namba zinafanya kazi!"

"Kufuata ufunguo."

"Ufunguo hauna kazi tena, Zuleha."

"Najua, mzee."

Stendi Anselmo aliponiona alinyoosha mkono. "Mzigo uko wapi?"

"Leo mzigo ni mimi."

Hakucheka. Alimhamisha abiria wa mbele, akanikalisha chini ya msumari ule.

Studio ya Ruangwa ilikuwa karibu na soko. Mlango ulikuwa wazi, Lukman amenipa mgongo anasafisha picha ya mtu. Nyuma ya kompyuta ufunguo wa kijani ulikuwa umechomekwa, na kitambaa changu kimekunjwa vizuri juu ya skrini.

"Hicho kidude hakihitajiki tena," nikasema.

Akageuka. Alinitazama kama mtu anayekagua picha, anayetafuta ilipounganishwa.

"Najua," akasema.

"Sasa mbona hukukirudisha?"

"Ningekirudisha, ningebaki na nini chako?"

Benchi lake lilikuwa refu kama lile letu la Nachingwea, naye alikuwa amekaa pembeni kabisa, ukutani, upande wa pili mtupu. Nikaenda nikakaa. Sikuwa na haja ya kumwambia asogee.