Tembo wa Pembe Sita

Zena Mansour alikuwa na studio ya picha katikati ya Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo: chumba kimoja chenye pazia la buluu, viti viwili na taa tatu za mviringo. Watu walimpenda kwa sababu moja, kwamba hakuna aliyetoka kwake akiwa mbaya. Chunusi ziliondoka, makovu yalilala, macho mekundu ya sherehe yalirudi kuwa meupe. Hata picha za paspoti alizipitia kidogo kwenye kompyuta kabla ya kuzichapa. Kazi hiyo aliiita kupiga pasi.

Jumatano moja Tata Kankolongo aliingia na kopo la maziwa ya unga. Alikuwa mzee wa miaka sabini na moja, mtu wa asili ya Kasai aliyezaliwa Kolwezi, na maisha yake yote ya kazi yalipita kiwandani akikagua mabamba ya shaba kabla hayajapakiwa kwenye treni. Sasa alikuwa anahamia Sandoa kwa dada yake, kulima mihogo, na alitaka sarafu zake za zamani zibaki kwa mtu atakayezijali.

"Kuko mama moja wa Lubumbashi, mama Jocelyne Badibanga," alisema akifungua kopo. "Eko na pharmacie, na anakusanyaka falanga za zamani. Anaomba picha. Simu yangu ikipiga mutu, anatoka sawa kivuli."

"Niachie, tata. Nitazipiga, na nitazituma mi mwenyewe."

Sarafu zilikuwa tisa. Ya maana kuliko zote ilikuwa falanga mbili ya mwaka 1943, ya shaba ya manjano, yenye pembe sita, na tembo akitembea upande mmoja. Hiyo ndiyo mama Jocelyne aliyokuwa akiitafuta.

Zena aliilaza juu ya kitambaa cheupe, akawasha taa zote tatu. Ilimeremeta kama kitu cha dukani. Ila mgongoni mwa tembo kulikuwa na mkwaruzo mrefu, na kona moja ilikuwa imepinda. Zena hakuwaza mara mbili. Alipiga pasi. Mkwaruzo ukafutika, kona ikanyooka, rangi ikaongezwa kidogo kama anavyofanyia maharusi. Zile nane zingine nazo zikapata zamu yao. Akatuma.

Jibu lilikuja kabla hajamaliza chai: "Sijaonaka ya safi vile. Samedi nakuya, bus ya kwanza."

Jumamosi saa mbili asubuhi Tata Kankolongo alifika amevaa tai. Zena alimgeuzia kompyuta aone. Mzee aliitazama picha, akavaa miwani, akatoa sarafu yenyewe kwenye kopo na kuiweka kando ya kioo.

"Hii haiko falanga yangu," alisema.

"Ni yenyewe, tata. Niliisafisha tu kidogo."

"Na sabuni?"

"Na kompyuta."

Mzee alipitisha ukucha kwenye mgongo wa tembo. Kisha akamwambia kwamba mkwaruzo ule aliufanya baba yake, aliyekuwa akitumia sarafu hiyo kukazia skurubu za kinga yake, baiskeli aliyoendea kazini kila siku. "Hii kona ilipinda mbele ya mi kuzaliwa. Na hii rangi ni ya nini? Myaka makumi tatu na ine nilikuwa naangalia shaba. Shaba haikuwake na hii rangi." Akavua miwani. "Mama Jocelyne aliona hii picha?"

"Aliona. Eko mu bus."

Tata Kankolongo hakupaza sauti. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akailegeza ile tai. "Atafika, ataishika mu mukono, na atasema Kankolongo ni mwizi. Nikiwa Sandoa, jina langu litabakia hapa vile."

Zena alitaka kumjibu kwamba kila mpiga picha anafanya hivyo, na kwamba sarafu haina aibu. Lakini alikuwa akiitazama tai ya mzee, iliyopigwa pasi ya kweli, ya makaa. Akachukua simu.

Mara mbili haikupita. Katika dakika hizo alitunga hadithi nzuri kabisa: kwamba alituma picha ya sarafu nyingine kwa bahati mbaya. Mara ya tatu mama Jocelyne alipokea, na hadithi ile ikampotea.

"Mama, ni Zena wa picha. Ile tembo haiko vile uliona. Iko na mukwaruzo mu mugongo, na kona moja imepinda. Ni mi nilibitosha, nilibifuta na kompyuta. Tata hakujua."

Upande wa pili ulisikika mngurumo wa basi, na mtu akiuza mayai ya kuchemsha dirishani.

"Ulitosha nini tena?"

"Niliongeza rangi."

"Na zile zingine nane?"

"Zote, mama."

"Niko Fungurume," alisema mama Jocelyne polepole. "Nikishuka hapa, bus ya kurudi ni muchana. Basi nakuya. Piga zingine za kweli, nizikute." Akakata.

Zena aliwasha taa zake. Hazikudumu dakika, umeme ulikatika mtaa mzima, na chumba kikabaki na giza la pazia. Alisimama pale na kamera mkononi, karibu kulia.

Tata Kankolongo ndiye aliyeinuka. Alivuta pazia ili lizibe vizuri, kisha akaufungua mlango kiasi cha upana wa kiganja. Jua la asubuhi likaingia kama upanga, likalala sakafuni.

"Kule kazini hatukuwa tunamulika shaba ku uso," alisema. "Ukiimulika ku uso inakuchekea tu. Mwangaza ukuye ku mbavu, chini chini. Pale njo inasema."

Zena alipiga magoti. Aliweka sarafu juu ya kipande cha katoni ya kijivu, ukingoni mwa ule mwanga, na kusogeza karatasi nyeupe upande wa pili ili kivuli kisimeze maandishi. Alipotazama kwenye kamera alicheka peke yake. Mkwaruzo ulionekana kama barabara, ndiyo. Lakini tembo naye alikuwa amejitokeza. Mikunjo ya sikio, miguu minene, kila kimoja na kivuli chake. Chini ya zile taa tatu mnyama alikuwa amelala bapa kama mchoro wa daftari. Miaka minane ya kupiga picha, na leo mkagua shaba ndiye anamfundisha mwanga. Alizipiga zote tisa, mbele, nyuma na ukingoni, na hakugusa kitu kwenye kompyuta umeme uliporudi.

Mama Jocelyne aliingia karibu saa tano, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa na lenzi ya kukuzia. Alisalimia, akakataa soda kwa sasa, akalinganisha kila sarafu na picha yake mpya.

"Tembo siichukue," alisema mwishoni. "Yangu ya mu albamu inapashwa kuwa bila kidonda."

"Ni haki yako, mama," alisema Tata Kankolongo.

Mama Jocelyne alichukua tano nyingine, bila kubishania bei. Ndipo akainywa soda yake, akimtazama Zena. "Ulinikasirikisha mingi. Toka Fungurume mpaka hapa sikusinzia." Akainua picha moja. "Lakini hizi za leo, nani alikufundisha?"

Zena alielekeza kidevu kwa mzee. Mzee alikuwa amesharudisha tembo wake mfukoni mwa shati, na uso wake haukuwa wa mtu aliyekosa mteja. Wiki iliyofuata alisafiri kwenda Sandoa na tembo huyo mfukoni.

Baada ya mwezi mmoja mama Jocelyne alimwita Zena Lubumbashi apige picha albamu yake nzima. Siku ya pili, chumbani kwa mama Jocelyne, walifika kwenye sarafu aliyoipenda kuliko zote, falanga hamsini ya fedha ya mwaka 1944, aliyoinunua miaka kumi na miwili nyuma kwa kuangalia picha tu. Zena aliweka taa moja chini, ubavuni, akatazama, kisha hakupiga.

"Kuna nini?" aliuliza mama Jocelyne.

Zena akamsogezea kamera. Fedha yote ilijaa vijistari vyembamba vya mtu aliyeisugua kwa nguvu. Juu, karibu na ukingo, palikuwa na duara dogo lisilolingana na mahali pengine: tundu la mkufu lililozibwa.

Mama Jocelyne aliketi kitandani. Alitazama muda mrefu, akapanguza miwani kwa kitenge chake, akatazama tena.

"Ukigeuza taa, hii itaonekana?"

"Haitaonekana, mama."

Mwanamke aliitafakari ile taa. Kisha akacheka kidogo, kicheko kifupi cha puani.

"Iache pale iko," alisema. "Piga."

Zena akapiga.