Bawa la Mgeni

Yule kinyozi wateja walimwita Mstari, na jina lilimkaa. Akikuchonga nywele za kando, mstari unanyooka kana kwamba umepigwa rula. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: sifa. Msifu Mstari asubuhi, hata chai anaisahau.

Basi mkewe alipewa kasuku mchanga na dada yake, kijani kibichi, hajazi hata kiganja. Akamwita Mgeni. Wiki ya kwanza hakumgusa kabisa. Alikaa karibu na tundu akichambua mchele na kumsimulia habari za majirani. Wiki ya pili aliingiza mkono wenye punje za ulezi, akautuliza humo mpaka ukamfa ganzi.

"Wewe unafuga au unachumbia?" Mstari akamtania.

"Atakuja mwenyewe. Mimi sina haraka."

Na kweli akaja. Wiki ya tatu mama wa watu alikuwa anamweka juu ya fimbo ya pazia, anarudi nyuma hadi mlangoni, ananyoosha kidole na kupiga ulimi. Mgeni anaruka chumba kizima kumfuata. Lakini kwa Mstari? Thubutu! Akisogea hatua moja tu, ndege yuko juu ya kabati.

Sasa mtu mwenye akili angenyamaza. Mstari alikuwa ameshajigamba kibandani kwake kwamba ndege yule hambanduki begani.

"Tumechoka na hadithi," fundi viatu wa jirani akamwambia mbele ya wateja. "Mlete tumwone, au anakukimbia kama watoto wanavyoukimbia wembe wako?"

Watu wakaangua kicheko. "Kesho," Mstari akasema. Mdomo huo!

Kesho yake mkewe alipotoka kwenda sokoni, Mstari alimfunika ndege kwa taulo. Mgeni alipiga kelele, moyo wake ukamdunda Mstari kiganjani. Akalikunjua bawa la kulia, akachukua mkasi wa kazi, akakata manyoya yote marefu kwa mkupuo mmoja. Halafu akamweka begani. Ndege hakuruka. Alitetemeka tu, kucha zimeng'ang'ania shati. Mstari akajiambia kwamba kumbe mambo ni rahisi hivi.

Kibandani walimshangilia mpaka kichwa kikamvimba. Fundi viatu mwenyewe alimpa mkono. Katikati ya shangwe hizo mkewe akapita na kikapu chake, akasimama mlangoni, akamwona Mgeni begani kwa mumewe. Machozi yakamlengalenga.

"Kumbe na wewe ulikuwa unakaa naye nikiwa sipo," akasema taratibu. "Nami nilidhani huna subira. Nisamehe, mume wangu."

Hapo ndipo angesema. Maneno yalikuwa pale pale mdomoni. Lakini watu walikuwa wanatazama, naye akatabasamu kama zuzu. "Ni subira tu, mke wangu."

Jioni, jua bado lipo, mkewe alimweka Mgeni juu ya fimbo ya pazia kama kawaida. Mstari akainuka kumzuia, akaketi tena. Mkewe akafika mlangoni, akanyoosha kidole, akapiga ulimi. Na Mgeni, maskini, akamwamini. Akaruka, akazunguka hewani mara moja, akaanguka puu kwenye sakafu ya saruji.

Mkewe alimwokota. Tone la damu lilikuwa kwenye mdomo. Akalikunjua bawa la kulia na kulitazama kwa muda mrefu, maana manyoya yale yalikuwa yamekatwa yakanyooka sawasawa, bila hata moja kuzidi jingine. Hakuhitaji kuuliza ni kazi ya nani.

"Yataota," Mstari akasema, huku akitamani ardhi ipasuke immeze.

"Yataota," mkewe akakubali, akaenda kutafuta maji ya uvuguvugu.

Asubuhi Mstari aliwaambia wote kibandani. "Nilimkata bawa. Hanipendi hata kidogo." Walicheka mpaka fundi viatu akafuta machozi. "Manyoya tu hayo, bwana!" Mstari hakucheka. Siku hiyo mteja mmoja akamlaumu kwamba mstari wa nywele zake umekwenda upande.

Sasa nikwambie jambo moja kuhusu nyumba ile. Kila mwisho wa mwezi, tangu waoane, Mstari alimpunguza mkewe nywele kwenye kiti mbele ya kioo cha chumbani. Na kila mara, mkasi ukianza tu, mama huyo husinzia. Kichwa kinamlemea, Mstari anakishikilia kwa kiganja cha kushoto huku akikata kwa mkono wa kulia. Hilo hakuwahi kumsimulia mteja yeyote, ingawa ndilo alilojivunia kuliko yote.

Mwisho wa mwezi ukafika. Mgeni alikuwa tunduni, ameegemea upande wa bawa lake zima. Mkewe akavuta kiti, akaketi, akajifunga kitambaa shingoni kama siku zote. Mstari akashusha pumzi, kwani aliogopa asingekuja. Akaweka kiganja cha kushoto tayari, akaanza kukata.

Akakata kando, akakata nyuma, akakata taratibu kuliko siku zote. Kiganja kikabaki kitupu. Alipoinua uso kutazama kwenye kioo, mkewe alikuwa macho, ameketi wima, anaufuata mkasi kila unakokwenda.