Mwisho Uliotangulia

Mwandishi alikuwa kiguu na njia kwenda ofisi ya watengeneza tamthilia, na kila alipofika alipewa soda. Soda alikunywa, jibu hakupata. Riwaya yake walikuwa wameinunua na kuisifu mpaka mate yakawakauka, ila ukurasa wa mwisho hawakuutaka.

Katika ukurasa huo binti amesimama nje ya chumba cha baba yake mgonjwa. Baba anamwita, anaita tena, anaita mara ya tatu. Binti anarudi jikoni kuosha vyombo. Basi. Hakuna kusameheana.

"Mzee wangu, watazamaji wanataka machozi," mwongozaji alikuwa akimwambia, kijana laini wa ulimi, mgumu wa kichwa. "Lakini usijali. Mambo ya mwisho tutayaongea tukifika mwisho."

Naye akaamini! Mtu mzima na mvi zake! Yeye huanza kuandika ukurasa wa kwanza akamalizia na wa mwisho, basi akadhani dunia nzima hufanya kazi hivyo.

Binti wa kitabuni alikuwa dada yake. Baba yao alimwachisha dada shule ili mdogo wake wa kiume asome, na huyo mdogo ndiye huyu mwandishi. Dada hakumsamehe baba hata siku ya kufa kwake. Alipoombwa ruhusa ya kuandikwa alitoa sharti moja tu: "Andika yote, hata mabaya yangu. Ila usije ukanitolea msamaha ambao mimi sikuutoa." Mdogo wake aliahidi, na ahadi ni deni.

Kwa hiyo alipopigiwa simu kwamba imebaki siku moja tu ya kupiga picha, alimpitia dada yake wakaenda pamoja. Moyoni alikuwa ameapa: leo ni kufa na kupona. Wakithubutu kumpigisha yule binti magoti, atajilaza mbele ya kamera.

Walikuta nyaya zimetapakaa sakafuni na taa zinaunguza. Sebuleni, mtoto wa kike mwenye sare ya shule alikuwa akifunga kamba za viatu.

"Hii si sura ya kwanza?" mwandishi akauliza.

"Ndiyo, mzee. Tunamalizia na hii."

"Na ya mwisho?"

"Ah, ile ndiyo tulianza nayo! Aliyecheza baba alikuwa na safari, tukampiga picha zake zote mapema. Kashaondoka, na ndevu kanyoa." Mwongozaji akachukua kompyuta yake ndogo, akampa dada aishike. "Imetoka safi, kila mtu alilia. Hebu oneni."

Kwenye kioo, mwanamke mrembo aliingia chumbani, akapiga magoti, akaushika mkono wa mgonjwa. "Baba, nimekusamehe." Kinanda kikalia.

Mwandishi alifoka. Alitaja mkataba, akataja heshima, akatoa na matusi mawili ambayo hayamo katika kitabu chake chochote. Alikuwa anampigia mbuzi gitaa. Mwongozaji alitikisa kichwa kwa upole, akasema anamwelewa kabisa, kisha akauliza waletewe soda gani.

Dada hakufoka. Alimrudishia kijana kompyuta yake. "Ahsante, mwanangu." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Ulitia saini kabla hawajaukubali ule mwisho?"

"Dada, waliniahidi..."

"Na mimi uliniahidi." Akauweka sawa mtandio wake. "Shule yangu ulipewa wewe, sikukuwekea kinyongo. Ulikuwa mtoto. Nikabaki na kitu kimoja, mdogo wangu. Nilimwambia baba hapana. Hicho nacho umewapa hawa."

Akatoka, akiruka nyaya taratibu ili asijikwae.

"Dada!" mwandishi aliita kutoka mlangoni. Dada yake hakugeuka. Akaita tena, fundi wa sauti akamwomba anyamaze, wanaanza. Mara ya tatu aliita kwa sauti ya chini tu. Ukurasa ule aliuandika mwenyewe, alijua kwamba hageuki.