Komeo Ndani ya Ndoo

Randa ilikuwa chini ya banda la kuku, imesukumwa pale kama kigingi ili banda lisiyumbe. Mama Chaji alipoivuta kwa ufagio alidhani ni kipande cha tofali. Aliigeuza, vumbi jekundu likambakia viganjani, na ndani ya ile kutu akaona umbo: mdomo mwembamba wa kutolea maranda, na tundu palipokuwa na mpini kabla mchwa hawajaumaliza.

Watu walimwita Mama Chaji ingawa hakuwa na mtoto. Kazi yake ilikuwa kuchaji na kufufua betri za magari, chini ya turubai mbele ya nyumba, na jina likamganda. Nyumba yenyewe ilikuwa ya baba mkwe wake, seremala aliyetengeneza nusu ya milango ya mtaa ule. Walibaki wawili tu. Mumewe, mwana pekee wa yule mzee, alikwenda mbali kutafuta kazi, akaipata, na baadaye akapata na mke. Siku habari ilipofika mzee aliisikiliza hadi mwisho. Alikwenda uani, akaifunga karakana aliyokuwa akimtunzia mwanawe, akapiga komeo, na tangu hapo akawa mtu wa "ndiyo", "hapana" na "asante kwa chakula".

Majirani walisubiri kumwona Mama Chaji akifungasha. Hakufungasha. Hata yeye mwenyewe asingeweza kueleza kwa nini. Kulikuwa na betri ya kushughulikia, kulikuwa na chai ya mzee, na jua likazama kabla hajawaza.

Aliipenda ile randa kwa uzito wake. Alikuwa amewahi kuona kwenye simu jinsi ya kung'oa kutu kwa umeme, akajaribu kwa spana zake mwenyewe, zikatakata. Basi akaifungua randa vipande, akajaza maji ndoo ya plastiki, akakoroga magadi ya kufulia, akaitundika kwa waya katikati ya maji isiguse chochote. Kando yake akachomeka kipande cha waya mnene wa chuma. Mdomo hasi wa chaja akaubana kwenye randa, mdomo chanya kwenye ule waya. Akawasha.

Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha randa ikaota mapovu madogo madogo, meupe kama vumbi la chaki, yakapanda polepole na kupasuka juu kwa sauti ya mtu anayenong'ona chumba cha pili. Ndoo ilikuwa inachemka bila moto. Mama Chaji aliketi kwenye kigoda akasikiliza, na alasiri ikawa laini, kuku wakalala mchangani, hata kelele za mtaani zikawa kama zinatoka chini ya maji.

"Unapika nini?"

Baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni, kanzu imekaa upande. Hakuwa ameuliza swali kwa muda mrefu sana.

"Randa yako, baba. Nimeikuta kwa kuku."

Mzee alisogea, akachungulia. "Maji na umeme ni paka na panya, mwanangu."

"Hapa nimewapatanisha. Ila usitie mkono, na hiyo sigara kaa nayo mbali. Hayo mapovu yanashika moto."

Akaizima sigara ukutani, akavuta kigoda kingine, akaketi. Povu la rangi ya machungwa lilianza kujikusanya juu ya maji, likitembea taratibu kutoka ukingo huu hadi ule. Wote wawili wakalitazama kama watu wanavyotazama mvua. Kichwa cha mzee kikaanza kuinama. Akasema, macho yamefumba:

"Alipokuwa mtoto nilikuwa namsimamisha juu ya sanduku ili afikie meza. Alikuwa anapenda maranda, hapendi ubao. Ningejua."

"Ungejua nini, baba?"

Kidevu kilimgusa kifua. Labda alikuwa amesinzia, labda alikuwa kule kwenye sanduku. Mama Chaji akaacha hivyo hivyo.

Kesho yake mapovu yalikuwa yamefifia. Alizima chaja, akauvuta ule waya: umelika hadi umebaki kama sindano.

"Umekwisha," alisema. "Kutu inaachia huku, chuma kinaliwa kule. Lazima kiwepo cha kuliwa."

Mzee akaenda jikoni, akarudi na kijiko.

"Hicho hapana, baba. Hicho ni cha chuma cha pua kisichoshika kutu, kitatia sumu kwenye maji. Tena ndicho unachonywea uji."

Mzee alikitazama kijiko kana kwamba kimemsaliti. Akakitia mfukoni, akazunguka nyuma ya nyumba. Mama Chaji alisikia mbao zikilia, misumari ikitoka moja moja, kisha kimya. Mzee aliporudi alikuwa amelishika komeo la karakana kwa mikono miwili.

"Hili ni chuma tupu," alisema. "Nililifua mwenyewe."

"Baba, na mlango?"

"Mlango utakaa wazi."

Akakaa, pumzi zikimpanda. "Mimi naona haya, mwanangu. Kila ukiniwekea sahani naona haya. Ndiyo maana nilikuwa kimya. Nisingekufukuza, lakini pia sikuwa na uso wa kukuomba ubaki."

Mama Chaji alilipokea komeo. "Aliyeondoka ni yeye, baba. Wewe hukuondoka, na mimi sikuondoka. Sasa haya ya nini?"

Akalizamisha komeo ndani ya maji, akabana waya, akawasha. Mapovu yakarudi kwa wingi, wakayatazama mpaka adhuhuri.

Randa ilitoka nyeusi, imevaa tope jepesi. Aliisugua kwa brashi chini ya bomba, na chini ya tope kikatokea chuma cha kijivu, chenye vishimo hapa na pale kama ngozi iliyowahi kuugua ndui. Mzee aliikausha haraka kwa shati lake kabla kutu haijaanza upya, akaipaka mafuta ya cherehani, akalinoa bamba lake la kukatia. Mpini mpya aliuchonga siku hiyo hiyo ndani ya karakana, madirisha yote wazi. Utepe wa kwanza wa randa ulitoka mrefu, mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga, ukaelea kidogo kabla haujatua sakafuni.

"Nikutengenezee nini?" aliuliza.

Mama Chaji aliuokota ule utepe. Hakuna aliyemuuliza hivyo kwa miaka. Swali lilimzunguka taratibu, na jibu likaja lenyewe.

"Kitanda," alisema. "Kiwe changu."

Mzee alijikuna shingo kwa penseli. "Chembamba au kipana?"

"Kipana, baba. Ya kesho siyajui."

Baba mkwe akacheka, kicheko cha kukwaruza kilichokaa bure muda mrefu. "Sawa. Na hayo ya kesho yakija, atakayekutaka aje kwangu. Mimi ndiye baba yako, atanikuta hapa hapa."

Akageukia rafu ya mbao, akaanza kugonga moja baada ya nyingine kwa kifundo cha kidole, akisikiliza ipi imekauka vizuri.