Sponji za Duka

Kabla ya kugeuza kibao cha mlangoni, Kimbaumbau aliingia stoo, akajibanza nyuma ya maboksi ya shampuu na kupachika sponji mbili ndani ya sidiria. Ya kushoto aliibana kwa pini, maana ilikuwa na tabia ya kuhama. Zilikuwa sponji hizi hizi za kuoshea vyombo, zimekatwa kwa mkasi wa duka. Akavuta blauzi ya sare, akajitazama kiooni. Haya, kifua hicho. Mchana kutwa kitamwasha, lakini afanyeje?

Jina la Kimbaumbau alibandikwa na wenzake shuleni, na mwili wake haukuwahi kulikana. Madamu, mwenye duka hilo la vipodozi, alimwajiri kwa ajili ya ulimi wake. Kisha ikaja krimu ya kukuza matiti bila upasuaji, na wateja wakawa wanamtazama muuzaji kabla ya kutazama kopo. "Mbona wewe mwenyewe hujatumia?" Siku ya pili yake Madamu akaleta sponji.

"Ukiulizwa, sema wiki sita tu. Ukiona aibu, wanaoitaka kazi hii wamejaa tele hapo nje."

Na kweli walijaa. Nyumbani Kimbaumbau alikuwa na mama mgonjwa wa kisukari, na kila kitu, kuanzia sabuni hadi nauli, kilikuwa kinapanda kana kwamba kuna mashindano. Mnyonge hana haki. Akavaa.

Siku hiyo umeme ulikatika mapema, feni ikalala. Jasho likaingia kwenye sponji, sponji zikawa nzito. Na wateja nao, utadhani wameambizana!

"Dada, kweli yanakua bila kisu?"

"Wiki sita, dada yangu."

"Na nikiacha kupaka, hayarudi?"

"Hayarudi." Loo! Yarudi wapi, na hayakwenda popote?

Alikuwa anamfungia huyo kopo lake alipoingia wifi yake, mke wa kaka yake, mtoto mgongoni. Wifi alikaa upande wa pili wa mji, na walikuwa hawajaonana tangu mtoto azaliwe.

"Wifi! Kumbe leo upo! Wiki mbili zilizopita nilikukosa, Madamu akanihudumia mwenyewe." Akamtazama kifuani, akaangua kicheko. "Hee! Kumbe ni kweli! Nami nilidhani ananidanganya!"

"Amekuambia nini?"

"Si kwamba hii krimu ndiyo imekuotesha! Kopo la kwanza limekwisha. Inaniwasha kama pilipili, lakini Madamu kasema ndiyo dalili kwamba inafanya kazi." Akapunguza sauti. "Kaka yako kila siku ananiambia ameoa ubao. Nikasema, kama wifi yangu tuliyekuwa tunamtania ameota hivyo, mimi nina kasoro gani nisiote?"

Kimbaumbau akamlaani kaka yake kimoyomoyo. Yeye mwenyewe ana kitambi cha kubebea trei ya chai, halafu anapima vifua vya watu! Ndipo mtoto alipolia, sauti kavu ya mtoto aliyelia sana. Kimbaumbau akazunguka kaunta amtazame. Pembeni mwa midomo ngozi ilikuwa nyekundu, imechunika.

"Wifi, unapaka hii na unanyonyesha?"

"Nafuta kwa kitambaa kabla ya kumpa. Hayo ni meno, watoto wa siku hizi wanaota mapema."

Madamu, kwenye meza ya fedha, alikuwa anasikia kila neno na anajipepea kwa kifuniko cha boksi. Wakati huo huo akaingia mkaguzi wa maduka, kitambulisho kikining'inia shingoni. Mungu si Athumani, Kimbaumbau akajisemea, akamkimbilia na kopo mkononi.

"Mheshimiwa, tazama krimu hii, halafu tazama mdomo wa huyu mtoto."

Mkaguzi akaligeuza kopo. "Hapa pameandikwa kipodozi. Ingekuwa dawa, ningekuelekeza ofisi nyingine."

"Na kama ni kipodozi?"

"Basi mhusika alete malalamiko ofisini."

"Mhusika si ndiye huyu mgongoni?"

"Huyo hakununua." Akapokea soda aliyoletewa na Madamu, akanywa, kisha akainama na kunong'ona kwa sauti iliyosikika duka zima: "Hivi lakini inafanya kazi? Mke wangu ananisumbua."

"Muulize muuzaji wangu," Madamu akasema, akamkazia macho Kimbaumbau. "Si unamwona mwenyewe?"

Duka zima likamgeukia. Wifi alikuwa tayari ameinua mkono kuchukua kopo la pili rafuni.

Kimbaumbau akachoka. Alichoka na Madamu, na mkaguzi, na kaka yake, na joto, na kuwashwa. Akaingiza mkono ndani ya blauzi, akachomoa pini, akatoa sponji ya kushoto, kisha ya kulia. Akazitua kwenye kaunta mbele ya soda ya mkaguzi, zinachuruzika jasho.

"Bila kisu, mheshimiwa, njia ni hii. Mpelekee mkeo."

Mteja mmoja akacheka, kisha akajizuia. Mwingine akarudisha kopo rafuni polepole.

"Mwehu wewe!" Madamu alikuwa amesimama. "Toka dukani kwangu!" Na Kimbaumbau alipochukua mkoba wake: "Na hizo sponji ziache hapo hapo. Ni za duka."

Njiani kwenda zahanati wifi alitangulia mbele, mtoto mgongoni. Walipofika mlangoni ndipo alipomgeukia, machozi yakimtoka. "Kwa hiyo ulijua. Ulijua, ukawa unazivaa." Muuguzi alimpaka mtoto dawa, akasema atapona, kisha akamgombeza wifi mpaka foleni nzima ikasikia. Wa kumgombeza Madamu hakupatikana.

Wiki iliyofuata Kimbaumbau alirudi dukani kuchukua viatu alivyoviacha stoo. Madamu hakuwepo. Makopo yalikuwa yamepangwa upya dirishani, na nyuma ya kaunta alisimama msichana mgeni, mwembamba wa mikono, kifua kimemjaa.

"Karibu dada," msichana akasema, akimtazama kifuani kwa huruma. "Unahitaji krimu? Wiki sita tu."

Kimbaumbau akamwangalia. Akasogea mpaka kwenye kaunta, akainama ili wateja wengine wasisikie.

"Rekebisha ya kushoto, mdogo wangu. Imehama."

Mkono wa msichana ukaruka kifuani. Akatazama mlango, akatazama wateja, machozi yakamlengalenga.

"Usiseme, dada," akanong'ona. "Nakuomba usiseme."