Mama Anakwenda Kumwona Mume Wake

Mama alimwambia kila mtu melini kwamba anakwenda kumwona mume wake. Alimwambia mhudumu wa chumba, akamwambia mpishi wa mayai, akamwambia hata mzee mmoja aliyekuwa anaogelea zake. "Kijana mbichi," anasema, "jino hana hata moja, lakini kanipenda." Watu wakashika mbavu. Mume mwenyewe alikuwa mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa dada yangu aliyeolewa mbali, na Mama alikuwa hajamtia machoni. Ndege Mama haitaki, gari likienda mbali linamtapisha. Basi mimi msusi wa watu nikafunga saluni, tukapanda meli ya watalii. Bandari nyingine zote zilikuwa nyongeza. Yetu ilikuwa moja tu, ile ambayo dada angesimama na mtoto.

Asubuhi ya siku yenyewe Mama alishavaa gauni jipya, kajipulizia manukato mpaka nikapiga chafya. Mara spika ikakohoa. Nahodha huyo: samahani, bahari imechafuka, bandari ya leo haiingiliki, tutafunga gati mji wa jirani mpaka alasiri. Kwa usumbufu huo, sharubati ni bure.

"Sharubati!" nilifoka. "Sharubati inapakatwa? Sharubati inaitwa mume?"

Mhudumu wa chumba akaniomba nishushe sauti. Thubutu! Mimi nikikasirika nasikika mtaa wa pili.

Kutoka kwa dada hadi mji ule ni barabara ya vumbi, milima na kona tupu. Mama akakaa kitandani, akavua kiatu kimoja. "Mpigie mwenzio. Mwambie asije. Mtoto mchanga haburuzwi kwenye vumbi kwa ajili ya kikongwe."

"Lakini Mama..."

"Nimesema asije. Mungu akipenda, siku nyingine." Kwa umri wake siku nyingine si nyingi, na sote wawili tulilijua hilo.

Nikapanda juu kabisa, kando ya bwawa la kuogelea, ambako simu ilikuwa inakamata mtandao kwa kuibia. Dada akapokea. Upepo unavuma, simu inakwaruza. Nikapiga kelele jina la mji, nikapiga kelele alasiri, kisha kwa uchungu wangu wote: "Mama anasema usije! Usije, umesikia?" Simu ikafa.

Meli ilipofika, Mama akagoma kushuka. "Nikafanye nini huko, nikahesabu mawe?"

"Ukanyooshe miguu. Gauni hilo halikushonewa kitanda." Nikamvalisha kiatu kwa nguvu. Tukashuka ngazi, yeye kanuna, mimi nimenuna, jua linatuchoma sote sawa.

Nje ya geti lilisimama gari la mikate, limejaa vumbi mpaka vioo. Sikulijali. Kisha mlango ukafunguka, akateremka dada yangu, nguo ya kulalia inachungulia chini ya gauni, ndala moja nyekundu na nyingine buluu, na kifuani kafunga kitu kinachopiga mateke. Nyuma yake shemeji yangu, mwenye gari, anafuta jasho.

"Uuwi!" Sijui hata mkoba niliutupa wapi. Nilirukaruka pale getini na umri wangu huu, sikuona haya.

Mama alinigeukia. "Nilisema asije! Hukumwambia mwenzio?"

"Nilimwambia! Haki ya Mungu nilimwambia!"

Lakini mikono yake ilishatangulia. Akampokea mtoto, ananukia mikate na maziwa, naye mtoto akamkamata bibi yake pua akaivuta kwelikweli. "Jamani mume wangu," Mama akasema, akalia waziwazi, wala hakujifuta. "Jamani mume wangu, umekuja."

Abiria wenzetu waliokuwa wanashuka wakaanza kupiga makofi, na mpishi wa mayai, aliyeegemea ukingo kule juu, akapiga mluzi.

Nikamvuta dada pembeni. "Wewe, si nilikwambia usije?"

"Simu ilikuwa inakatakata. Nilisikia mji, nikasikia alasiri, halafu 'je' tu."

"Sasa?"

"Sasa huo mwanzo wa neno," akasema, huku akimtazama Mama, "nikaujazia mwenyewe."