Kahawa ya Wartini

Jerusha alizaliwa Kisii, katikati ya mibuni, lakini kwao kahawa ilikuwa ya kuuza. Wenyewe walikunywa chai. Hakujua kahawa ingekuja kumkaba koo huku Riyadh, katika nyumba moja ya mtaa wa Al-Murabba.

Indonesia ilikuwa imezuia wasichana wake kuja kufanya kazi za nyumbani, mawakala wakageukia Kenya. Jerusha akaletwa kushika nafasi ya Wartini, Mjava aliyetumikia hapo mpaka akaota mvi. Mkataba wa Wartini ulikwisha zamani, ila madam, mwenye nyumba, aliizoea kahawa yake nyeusi kuliko ile ya iliki ya Kiarabu. "Huyu mpya akiipika kama wewe, utaenda kwenu," alisema, na pasipoti zao wote wawili akazifungia kabatini.

Basi Wartini akamfundisha kwa Kiarabu chao cha jikoni. Unga wa kahawa na sukari ndani ya glasi. Maji yanayotokota. Koroga mara moja, funika kwa kisahani, ngoja mashapo yazame. "Halafu kijiko halas, basi. Ukikirudisha, matope."

Absalom, dereva, Mkenya mwenzake, alimvuta kando uani. "Dada, iharibu hiyo kitu. Ukiijua utazeekea hapa kama huyo."

"Na yeye je?"

"Yeye ni wa mamako?"

Siku ya kujaribiwa, Jerusha alisimama na kijiko juu ya glasi. Mkorogo mmoja tu wa ziada ungetosha kuiharibu. Wartini alikuwa mlangoni, ncha ya mtandio ameisokota vidoleni. Jerusha akakitupa kijiko kwenye sinki.

Madam alikunywa mpaka kwenye mashapo. "Wartini, funga virago."

Absalom alimpeleka Wartini uwanja wa ndege, akarudi na furushi la unga wa kahawa kutoka duka la Wajava. "Anasema asante sana," alimwambia Jerusha. "Amekununulia pingu."

Mkataba wake ulipokwisha, Jerusha alimwendea madam. "Nimemaliza, madam. Nataka kwenda nyumbani."

Madam hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma Jerusha. Alisogeza tu glasi tupu. "Na kahawa atanipikia nani?"

Jerusha akaingia jikoni. Alikoroga, akafunika, akangoja. Kisha akafunua, akatia tena kijiko, akaikoroga mpaka chini, akaipeleka ikiwa matope matupu.

Madam alionja, akatema kwenye kisahani. Akamgusa Jerusha paji la uso, kwa upole.

"Unaumwa. Kapumzike. Utapika kesho."